Meno ya Bibi Mdogo

4 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti halikusumbui sana, na ile cherehani kubwa imeacha kula uzi. Huku sisi hatujambo, mimi na mjukuu wako, Bibi Mdogo wetu. Afya anayo na meno anayo, na hayo meno ndiyo yamenikalisha chini nikashika kalamu.

Ulisema mambo ya huyu mtoto tuyaandike, maana kwenye simu tunakatana maneno mpaka salio linakwisha na hakuna aliyesikia kitu. Basi naandika. Tulichokubaliana sijakisahau. Bibi Mdogo akiuma mtu mwingine kabla shule hazijafungwa mwisho wa mwaka, unamchukua uishi naye huko, na mimi sitabisha. Nilikubali kwa hasira, siku ileile mwalimu mkuu aliponiita kuhusu yule mtoto aliyeng'atwa kwa sababu ya kifutio, lakini nilikubali na sirudi nyuma. Najua kazini natoka jioni, najua tangu baba yake ahame mtoto amekuwa na hasira za mtu mzima. Ila sitaki kuachana naye, Baba. Nikifungua mlango nikakuta kiatu kimoja kizingitini na kingine chini ya meza, hapo ndipo najua nimefika kwangu.

Kwa hiyo nimempeleka judo.

Usitupe barua, endelea kusoma. Ni ukumbi ulio juu ya duka la mabati. Mwalimu ni mama mmoja wa makamo, mchana anatengeneza friji, jioni anafundisha watu kuangushana. Nilidhani nitamwacha mtoto, nitafute benchi nipumzishe miguu. Akaniambia pale hakuna watazamaji. Aliyevua viatu anafanya mazoezi, asiyevua akasubiri barabarani. Mvua ilikuwa inanyesha, nikavua.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Yule mama kwanza anafundisha kushuka. Jioni nzima tulianguka tu, kwa nyuma, kwa ubavu, kwa kubingirika, kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka. Wakubwa na watoto mstari mmoja. Bibi Mdogo alicheka, na sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Tumeazimwa nguo kuukuu. Naomba utushonee zetu. Ni koti pana lisilo na vifungo, linafungwa kwa mkanda, na suruali pana. Vipimo na mchoro nimeviweka humu.

Ni mimi binti yako.


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Goti linalalamika asubuhi, mchana linanyamaza. Cherehani imepona; kumbe nilikuwa nimeweka sindano kinyume, usimwambie mtu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Mtoto anauma watu, wewe unampeleka akafundishwe kuwaangusha. Ni kama mtu mwenye mbuzi anayekula nguo za majirani, badala ya kumfunga kamba, anamfundisha kupanda ngazi. Na wewe mwenyewe, na huo mgongo wako wa kukaa kutwa dirishani kwenye ofisi ya maji! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii guu lenyewe unalilipia ada likavunjwe.

Lakini kazi ni kazi. Nguo nimeshona, utazipokea kwa basi la Jumamosi. Ule mchoro wako ni wa gunia lenye mikono, na mimi sishoni magunia. Nimetumia pamba nyepesi ili msichemke. Koti lako nimelibana kiuno kidogo, maana wewe bado ni mwanamke kijana na hata kuanguka kuna namna yake. La Bibi Mdogo nimelitia mfuko wa leso kifuani.

Makubaliano yapo palepale. Chumba cha nyuma nimeanza kukitoa vitambaa.

Baba.


12 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Habari za goti? Sisi wazima, ingawa nguo zetu si nzima, na naomba uisome barua hii polepole.

Tulipoingia zilisifiwa. Mwalimu alizunguka akatazama mishono, akasema hajawahi kuona nguo za judo nzuri kiasi hicho. Kisha tukaanza. Aliyenishika wa kwanza ni dereva wa gari la taka, mtu mkubwa na mpole kabisa. Alinishika kola, akavuta kidogo tu, kola ikabaki mkononi mwake. Akaitazama, akanitazama mimi, akaniomba radhi kama mgeni aliyevunja sahani ya wenyewe. Kisa cha Bibi Mdogo sitakieleza chote. Suruali yake ilianza kupasukia kiunoni ikaishia unakokujua. Mfuko nao mwenzake alitaka kushika koti, vidole vikaingia mle, kidogo viteguke. Ndiyo sababu nguo hizi hazina mifuko, hatukujua.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Kisha akasema, "Mwambie fundi nguo hii si ya kuvaliwa, ni ya kushikwa."

Usikasirike. Vipande nimekurudishia uvitazame mwenyewe.

Habari nyingine ni njema. Bibi Mdogo analala. Zamani nilikuwa nikizima taa anaanza kuita, maji, choo, kuna kitu dirishani. Sasa siku za mazoezi anasinzia na kijiko mkononi. Ameanza pia kungoja zamu yake, maana pale huwezi kumshika mtu kabla hamjainamiana kusalimiana. Na mimi mgongo umenyooka. Juzi kwenye dirisha la malalamiko alikuja mzee mmoja mwenye bili ya maji ya nyumba aliyoihama. Alinipigia kelele mpaka kioo kikaingia ukungu. Nikashusha mabega, nikavuta pumzi tumboni kama tunavyofundishwa, nikamngoja amalize. Alipomaliza hakuwa na la kuongeza, tukatazama bili pamoja. Siku nyingine ningelia chooni.

Binti yako.


27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kimwili sijambo.

Tangu nianze kushika mkasi, hakuna nguo yangu iliyobaki mkononi mwa dereva wa gari la taka. Nimewashonea maharusi walionenepa kati ya kupima na kuoa, na hawakupasuka. Nimekaa na hivyo vipande mezani, nimeshika tama, wateja wananiuliza kama nimefiwa.

Sasa nieleze sawasawa. Wanashika wapi? Mkono upi? Wanavuta kwenda juu, chini au pembeni? Usiniandikie "wanavuta." Hata mtoto anayetaka peremende anavuta.

Nimefurahi kwamba mjukuu wangu analala. Ila kulala siyo kutouma.

Baba.


8 Aprili

Baba mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa mawazo. Sisi wazima.

Ili nikujibu ilibidi tufanye majaribio sebuleni, mimi na kalamu, Bibi Mdogo na gauni langu la kazini, ambalo sasa linadai vifungo. Iko hivi. Mkono wa kushoto unakamata mkono wa koti la mwenzio, karibu na kiwiko. Wa kulia unakamata kola, chini ya mfupa wa bega. Ukimgeukia kumwangusha, uzito wake wote unaning'inia kwenye kola na kwapani. Kwa hiyo huko ndiko kunakopasuka, na magoti ya suruali yanaisha kwa kupiga magoti.

Halafu kuna kubanwa chini. Mtu anakulalia kifuani, huinuki. Ukizidiwa unampigapiga mwenzio au unagonga mkeka, naye anaachia papo hapo, hata kama ndiyo kwanza anaanza kufurahi. Kwenye hilo mwalimu hana mzaha kabisa. Bibi Mdogo hakuna kilichomshangaza kama hicho. Dereva wa gari la taka alimbana kwa tahadhari, mtoto akagonga, akaachiwa. Akaomba abanwe tena, akagonga tena, akaachiwa tena. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akiniuliza, "Kwa hiyo hata mtu mkubwa lazima aachie?" Nikamwambia, hata mtu mkubwa.

Binti yako.


16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa ukimya, nilikuwa na kazi.

Nguo mpya zimo kwenye kifurushi. Kitambaa ni pamba nzito, dada yake turubai. Nimeiloweka na kuianika mpaka ikamaliza kunywea, ndipo nikakata. Kola ina matabaka manne na nimeipitishia mishono sambamba kutoka shingoni hadi pindoni. Kwapani nimetia kipande cha pembe nne ili mkono ukiinuka koti zima lisiinuke. Magotini ni kitambaa juu ya kitambaa. Sindano tatu zimevunjika. Mwambie huyo dereva aje na ndugu zake wote wavute.

Ulivyonieleza ulijitahidi, lakini jambo la kushikwa halielezeki kwa maandishi. Kuna ukumbi nyuma ya kituo cha zimamoto, askari mmoja mstaafu anafundisha judo hiyohiyo. Nilikwenda kutazama tu, kwa ajili ya kazi. Nimegundua kwamba mshono wa bega ukikaa juu kabisa ya bega unaumiza mtu akibingirika, kwa hiyo nimeusogeza nyuma kidogo. Pia mkanda ukiwa mrefu sana unamwingia mtu chini ya mbavu anapolala chali.

Kula vizuri.

Baba.


5 Juni

Baba mpenzi,

Shikamoo sana. Hatujambo, na nguo hazijambo! Dereva wa gari la taka alivuta, mwalimu akavuta, wakavuta wote wawili mimi nikiwa ndani, mshono haukuguna. Mwalimu anauliza kama unaweza kuwashonea na wengine. Nimemjibu fundi yupo ila ana maneno.

Sasa, Baba. Mtu aliyekwenda kutazama tu, amejuaje kwamba mshono wa bega unaumiza ukibingirika? Na nani amekuambia mkanda unaingia chini ya mbavu mtu akilala chali? Nauliza tu.

Niache utani, nina jambo kubwa la kukueleza. Jumanne watoto walikuwa wanakimbizana uwanjani shuleni, mkubwa mmoja akamsukuma Bibi Mdogo kwa nyuma, kwa makusudi, kwa mujibu wa mwalimu wa zamu. Hapo zamani tungekuwa tunatafuta dawa ya kidonda cha meno. Safari hii alibingirika kwa bega akasimama upande wa pili, sketi imejaa vumbi, akamtazama yule mkubwa na kumwinamia. Yule mtoto aliogopa kuliko kama angeng'atwa. Mwalimu wa zamu alinisimulia getini akicheka, na mimi nikaanza kulia mbele ya wazazi wote. Jioni nilimuuliza kwa nini hakuuma. Akasema hakukumbuka.

Baba, tangu Januari hajauma mtu.

Binti yako.


2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kuliko nilivyokuwa.

Basi sawa. Nilivua viatu. Na wao wana sheria ileile, na kwenye kituo cha zimamoto ukisimama nje unaambiwa unaziba njia ya magari. Nilisema nitajaribu siku moja ili nijue kola inavyovutwa. Sasa naenda Jumatatu na Alhamisi, duka nafunga mapema, na asiyependa akanunue nguo za mtumba.

Mshirika wangu ni mama muuza mayai. Mimi na yeye ndio wazee wa darasa, kwa hiyo tunapangwa pamoja. Mtu aliyezoea kubeba trei za mayai maisha yake yote anaanguka taratibu ajabu, hata vumbi haliamki. Mimi mwanzoni nilianguka kama kabati. Mwalimu hanirushi, ananishusha, na kila nikiinuka ananiuliza habari za goti. Goti limepata nguvu. Ngazi za dukani napanda bila kushika ukuta. Na nimegundua kwamba mwaka jana, tangu niteleze bafuni, nilikuwa naogopa hata kuoga. Sikukuambia. Sasa siogopi, nikianguka najua pa kuweka kidevu.

Pia kuna kusalimiwa. Naingia pale watu kumi wananiinamia. Tangu mama yako afariki, kuna siku nilikuwa nafunga duka sijaongea na mtu ila kuhusu pindo.

Nafurahi sana kuhusu yule mkubwa wa uwanjani. Lakini mwaka haujaisha, na mimi ni mtu wa neno langu, na wewe pia. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi ya manjano. Kitanda seremala amekileta jana. Nimekifanyia foronya zenye samaki.

Baba.


25 Agosti

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Bibi Mdogo ameuma.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua shuleni, maana si shuleni. Ni mimi aliyeniuma, mkono wa kulia, Jumapili mchana, sebuleni. Tulikuwa tunacheza judo kwenye zulia, nikambana, akaniuma mpaka damu ikachungulia. Kisha akakimbilia chini ya meza na hakutoka mpaka jioni. Tangu siku hiyo haongei sana, na mazoezini amekataa kwenda.

Tulisema "mtu mwingine." Nimejaribu kujidanganya kwamba mama si mtu mwingine, nikashindwa. Wewe ulishika neno lako kila mara, hata pale liliponiumiza. Kwa hiyo nakuandikia. Nimeshatoa begi lake juu ya kabati. Sijatia kitu ndani.

Sema lini utakuja.

Binti yako.


6 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Nina swali moja tu, na nijibu kama ulivyokuwa mkweli kwa hayo mengine. Kabla hajakuuma, aligonga?

Baba.


15 Septemba

Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea kazini, nikafunga dirisha, watu wa malalamiko wakabaki na malalamiko yao.

Aligonga. Aligonga mgongoni kwangu, tena akagonga zulia. Mimi nilikuwa nacheka. Nilidhani anacheza, na nilikuwa nimemkumbatia, na wiki hiyo ilikuwa ngumu, nikasema moyoni nimshike kidogo tu zaidi. Akaita, "Mama, nimegonga." Nikamwambia, "Wewe huendi popote." Niliisema kwa mapenzi, Baba. Ndipo akauma.

Niliporudi nyumbani nilimkuta anachora. Nikavua viatu, nikapiga magoti mbele yake pale kwenye zulia, nikamwinamia mpaka paji la uso likagusa chini. Nikamwambia aligonga na mimi sikuachia, kosa ni langu, naomba anisamehe. Sijui kama wewe uliwahi kuniomba mimi radhi nikiwa na umri wake. Mimi sikuwa nimewahi kumwomba yeye. Kisha akaweka penseli chini, akasema, "Lala."

Nikalala. Akanibana, kabisa, kwa uzito wake wote na viwiko vyake vyenye ncha. Nikagonga. Aliachia kabla sijamaliza kugonga. Akaniambia, "Unaona? Ni rahisi."

Jana amerudi mazoezini. Mwalimu wa friji hakumuuliza kitu, alimfunga tu mkanda vizuri. Na wiki ijayo wanapimwa, wakifaulu watapewa mkanda wa njano.

Hayo siyaandiki ili nijitetee. Neno ni neno. Ila umeuliza, nimejibu.

Binti yako.


10 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena. Natumaini mkono umepona na mjukuu wangu anaendelea kucheka. Mimi mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua hii niliianza mara nyingi, na kila nikiianza inakuwa ya mtu mwingine, mwenye kiburi.

Nikueleze kwa nini nilikuuliza vile. Siku barua yako ya Agosti ilipofika ilikuwa Alhamisi. Niliisoma, nikaiweka mfukoni, nikaenda mazoezini nikiwa nimeshaamua. Nilikuwa nimeshaangalia na ratiba ya mabasi. Siku hiyo muuza mayai alinibana. Yule mama ni mzito, na kifua chake kilinifunika pua. Sikuona taa wala mtu. Nikasikia hofu ambayo sijaisikia tangu utotoni, na mwanangu, nakuambia kitu ambacho hata mwalimu wa zimamoto hakijui: mkono wa yule mama ulikuwa karibu na mdomo wangu, na meno yangu yalikuwa wazi. Mimi, mzee, mwenye meno ya kuhesabu. Kisha nikakumbuka kugonga. Aliachia mara moja, akaniuliza kama niko salama, akanipangusa jasho kwa mkono wa koti nililomshonea mwenyewe.

Nikabaki nimelala chali natazama dari. Nikawaza, huyu mtoto haumi kwa ubaya. Anauma akiona hakuna atakayemwachia. Ndiyo maana nikakuuliza. Na uliponijibu nikaona kuna mtu mwingine ambaye amekuwa akigonga mwaka mzima. Uliandika Februari, wino wazi kabisa, kwamba hutaki kuachana naye. Mimi nikakujibu habari za mbuzi na chumba cha nyuma. Kila barua ulinigonga na kila barua nilikubana zaidi, tena kwa mapenzi, kama wewe pale kwenye zulia.

Nilisema namtaka kwa faida yake. Nilimtaka kwa faida yangu. Anacheka kama mama yako, na nyumba hii ina kimya kirefu.

Sasa sikiliza. Begi lirudishe juu ya kabati. Mtoto abaki kwa mama yake. Hata akiuma tena, abaki. Hilo ndilo neno langu, na lile la kwanza nimelifuta mwenyewe, kwani ni mimi niliyelitoa.

Kitanda hakitakaa bure, msinionee huruma. Shule zikifungwa mje wote wawili, mlale mle chumbani, mmoja kitandani na mwingine chini, mtajua wenyewe nani. Nimeshaongea na mwalimu wa zimamoto na amekubali mfanye mazoezi nasi. Nimesikia kwamba Bibi Mdogo amefaulu. Mimi bado ni mkanda mweupe wa wanaoanza. Kwa hiyo kwenye mstari yeye atasimama mbele yangu, na mimi babu yake nitamwinamia kwanza, kwa heshima zote. Tukishatoka na kuvaa viatu, atanipa shikamoo yangu.

Ni mimi,
Baba.